Makopo Saba ya Mwalimu Mikia

Mtaani walimwita Bi Pasi, na jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelikumbuka tena. Alikuwa dobi. Miaka thelathini na minane alifua na kunyoosha nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na miaka yote hiyo hakutokea mteja hata mmoja aliyerudi kusema, "Bi Pasi, suruali hii si yangu." Kila mteja alikuwa na alama yake, mshono mdogo wa uzi ndani ya kola au kwenye ukanda wa suruali. Karani wa posta, uzi mwekundu mishono miwili. Mkunga, uzi wa kijani mshono mmoja. Mwenye duka la dawa alitaka ya kwake iwe tofauti, basi akatiwa msalaba wa buluu. Nguo za nyumbani hazikutiwa alama. Za nyumbani zitapotelea wapi?

Daftari hakuwa nalo. Waliomuuliza kuhusu daftari aliwaonyesha kichwa chake kwa kidole kilichoungua. "Lipo humu, na hili panya halili."

Ukweli ni kwamba Bi Pasi hakujua kusoma. Tarakimu alizijua, na saa aliijua, na pesa hakuna wa kumpunja. Lakini herufi kwake zilikuwa kama sisimizi: aliona zinatembea, hakujua zinakwenda wapi. Siri hiyo waliijua watu wawili tu duniani, yeye na mumewe. Mwezi wa kwanza wa ndoa mume alimletea kitabu cha watoto na penseli. Bi Pasi akavitazama, akamtazama na yeye.

"Mimi nimeolewa," akasema. "Sijaandikishwa shule."

Mume akakiondoa kitabu na hakukileta tena. Tangu siku hiyo akawa anamfunika. Barua ikija anaisoma kwa sauti, kana kwamba ndiyo desturi ya nyumba ile. Fomu ya hospitali anaijaza yeye kabla karani hajaisogeza upande wa mke. Na Bi Pasi naye alijifunza kujifunika: ukimpa karatasi anaishika, anakaza macho katikati yake, anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kisha anasema "Mh," kama mtu aliyekutana na jambo zito. Fundi viatu wa kibanda cha mbele ya nyumba alimletea barua za nduguye miaka ishirini, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Iache hapo, Mwalimu akirudi atakusomea. Miwani yangu imevunjika."

"Miwani hiyo, Bi Pasi, ilivunjika kabla hujazaliwa?"

"Wewe shona viatu. Macho yangu yanakuhusu nini?"

Maana mumewe ndiye Mwalimu, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wavulana na wasichana iliyo juu ya kilima, mtu mrefu, mpole, mwenye chaki kwenye nyusi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mikia. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mikia ya maneno. Katika Kiingereza neno likitaka kueleza jambo limetendwaje, mara nyingi hubandikwa kimkia cha herufi mbili mwishoni. Watoto wote wanakiandika, na wanakosea, na wanachapwa kwa kukikosea. Mwalimu peke yake ndiye aliyekaa chini akajiuliza, kimetoka wapi?

Alistaafu akiwa bado anajiuliza. Jioni, Bi Pasi akipuliza mkaa wa pasi, yeye anakaa kwenye kiti cha mkono mmoja na kuanza.

"Unajua, Bi Pasi, kile kimkia zamani kilikuwa mwili."

"Mwili wa nani?"

"Mwili tu. Miaka elfu na zaidi iliyopita Mwingereza alikuwa na neno la mwili, neno zima, linajitegemea. Akitaka kusema jambo ni la kirafiki, alisema lina mwili wa rafiki. Yaani lina umbo la rafiki. Sasa kila aliyelisema akalikwangua kidogo. Babu akalikwangua, mjukuu akalikwangua, mpaka leo zimebaki herufi mbili, na anayezisema hajui kama amebeba mwili."

"Mwili mzima au maiti?"

"Vyote viwili. Mwishoni ukabaki wa maiti zaidi. Hata lango la makaburini, kwao, bado lina neno hilo."

"Yaani watu wazima wanaongea na maiti mdomoni!" Bi Pasi akanyunyizia maji kola ya karani wa posta. "Ndiyo maana Kiingereza chako kinanitia baridi."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Siku nyingine alimweleza kwamba kabla ya mkia huo palikuwa na kimkia kidogo zaidi, sauti moja tu, ambayo watu walikuwa wavivu kuitamka ikadondoka. Maneno mengine yakabaki vibutu mpaka leo, na mengine yakakimbilia ule mkia mkubwa yasikae uchi. Siku nyingine akamwambia kwamba majirani zao wa kusini, waliorithi lugha ya Warumi, wao mkia wao ulikuwa neno la akili. Kwao mtu akienda polepole, anakwenda kwa akili ya polepole.

"Hao ndio watu," akasema Bi Pasi. "Na sisi?"

"Sisi tunatia mbele. Kitoto. Kiungwana. Kidobi."

"Kidobi ndiyo nini?"

"Kulifanya jambo kidobi ni kulinyoosha mpaka lisahau lilivyokunjwa."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao. Wengine hununuliana vitambaa.

Kila sentensi ya zamani aliyoiokota, katika vitabu alivyoazima au alivyotumiwa na marafiki, Mwalimu aliinakili kwenye kikaratasi kilichokatwa kutoka kalenda kuukuu. Kila kikaratasi alikitoboa kitundu kimoja kwa msumari, juu kushoto, apate kuvifunga kwa uzi siku kitabu kikiwa tayari. Alivipanga kwenye makopo saba ya maziwa ya unga juu ya meza yake. Kopo la kwanza, enzi za kale kabisa, mwili ungali na nyama. Kopo la saba, siku zetu. Umri wa kikaratasi haukuandikwa juu yake. Umri ulikuwa kopo lenyewe. Na kila sentensi imetoka kitabu gani, hilo alilijua yeye.

"Andika," marafiki walimwambia.

"Lipo humu," alijibu, akijigonga kichwani. Alijifunza kwa mkewe.

Mtu mmoja tu alimfuatilia kwa dhati. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyeitwa Kiherehere kwa sababu mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Sasa ni mtu mkubwa, anafundisha chuo kikuu. Alipiga simu akasema chuo kimekubali kuchapa kitabu. Atakuja kuchukua makopo, atasaidia kukiandika, na jina juu ya jalada litakuwa la Mwalimu peke yake. Siku ile Mwalimu alivaa tai, ndani ya nyumba, hana pa kwenda.

Wiki iliyofuata akaanguka. Ilikuwa asubuhi, yuko mezani kwake. Bi Pasi alisikia kishindo, kisha mlio wa mabati, akakimbia na pasi mkononi. Mwalimu alikuwa chini, upande mmoja wa uso umelegea kama nguo iliyoanikwa vibaya, na juu yake, na chini yake, na mpaka uvunguni mwa kabati, vikaratasi. Makopo yote saba yalikuwa yamemwagika.

Alikaa hospitali wiki tatu. Kiharusi, walisema. Ulimi ulirudi, mzito lakini umerudi. Mkono wa kushoto haukurudi. Bi Pasi alivizoa vikaratasi vyote, akavifuta, akavigeuza kimoja kimoja mpaka vitundu vyote vikawa juu kushoto, kisha akavitia ndani ya kapu la nguo safi akavifunika kwa shuka. Hakuthubutu kuvirudisha makoponi. Alijua alama zake, hakujua za mumewe.

Mwalimu alirudi nyumbani siku ya Jumatatu. Kiherehere alikuwa anakuja Jumamosi.

"Lete kapu," akasema Mwalimu kutoka kitandani. "Nitavipanga mwenyewe. Wewe nipe, mimi nitasema."

Wakaanza. Bi Pasi anatoa kikaratasi, anampa, Mwalimu anakitazama, anasema, "La tatu." Bi Pasi anakitumbukiza kopo la tatu. "La sita." La sita. Sauti yake ilikuwa inapata nguvu kwa kila kikaratasi. Alikunywa uji wote, jambo ambalo hospitalini hakulifanya. Fundi viatu alichungulia dirishani akasema, "Naona ofisi imefunguliwa," na Mwalimu akamjibu, "Tunapokea wateja wenye shida tu, wewe una miguu mizima," na Bi Pasi akashukuru moyoni kwa kicheko kile kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

Jumatano mchana alimpa kikaratasi akainama kuokota kibanio cha nguo. Alipoinuka aliona kitundu kiko chini, upande wa kulia. Mwalimu alikuwa amekishika juu chini. Macho yake yalikuwa yametulia katikati ya karatasi, hayatembei. Kimya kikapita, kiasi cha mtu kuhesabu mpaka kumi. Kisha akasema:

"Mh. La pili."

Bi Pasi alisimama na kile kibanio mkononi. Ile "Mh" aliijua. Ilikuwa yake. Ni yeye aliyeitengeneza, ni yeye aliyeitumia miaka arobaini mbele ya makarani na wauguzi na fundi viatu, na sasa inatoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuwa akisoma lugha za watu waliokufa miaka elfu iliyopita.

Akajiambia labda amechoka. Kulikuwa na kikaratasi kimoja chenye doa la moto wa pasi pembeni; asubuhi ile Mwalimu alikuwa amekiita la tano. Akakitoa kopo la tano, akampa tena.

"La kwanza," akasema Mwalimu, bila wasiwasi wowote.

Bi Pasi akakitumbukiza kopo la kwanza.

Angeweza kusema. Angeweza kumpigia simu Kiherehere amwambie asije, Mwalimu hajapata nafuu. Akalifikiria hilo akikoroga uji, na kila alipofikia kusema alimwona Mwalimu ameegemea mto, amejifunga ile tai juu ya fulana, anangoja kikaratasi kingine. Huyu mtu hakuwahi kumvua nguo mbele za watu, hata siku moja, hata walipogombana. Basi akaendelea kumpa. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mwanamke ambaye hakuwahi kuchanganya soksi za watu wawili, alichanganya vikaratasi elfu mbili na mia kwa mikono yake mwenyewe, na kila kimoja alikisikia kikianguka ndani ya kopo.

Jumamosi Kiherehere akaingia na mkoba wake na sauti yake, na fundi viatu nyuma yake amebeba sanduku la kutilia makopo, maana hawezi kuona mgeni asimfuate ndani.

"Shikamoo Mwalimu! Shikamoo Mama! Mwalimu, tai hiyo ni ile ile ya darasa la pili?"

"Marahaba. Na mkono wako bado uko juu?"

"Haujashuka, Mwalimu."

Walicheka. Akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua kopo la kwanza kama mtu anayefungua zawadi. Akasoma kikaratasi kimoja. Akasoma cha pili. Akakirudisha cha pili akachukua cha tatu, na Bi Pasi akaona bega lake limekakamaa.

"Mwalimu, samahani. Hiki ni cha gazeti la juzi juzi. Kimefikaje huku?"

"Kiko sawa," akasema Mwalimu.

Kiherehere akafungua la pili, la tano. Alikuwa anatoa na kurudisha, anatoa na kurudisha. Kisha akamnyooshea Mwalimu kikaratasi kimoja, kwa adabu, kama alivyokuwa akimpelekea daftari lisahihishwe. Mwalimu akakipokea kwa mkono wake mzima. Kitundu kilikuwa chini.

Kichwa cha Kiherehere kilianza kuinuka kutoka kwenye kile kitundu kuelekea uso wa mwalimu wake. Bi Pasi akaona safari ya macho yale, akajua yakifika yamefika.

"Ni mimi," akasema.

Wakamgeukia wote.

"Alipoanguka vilimwagika, nikavizoa mimi. Na wiki hii yeye ananiambia weka hapa, mimi naweka kule. Yeye alisema sawasawa. Mimi ndiye nimechanganya." Alishika ukingo wa kitanda. "Sijui kusoma, mwanangu. Sijui hata a. Sikuwahi kujua."

Mlangoni fundi viatu akafungua mdomo. "Kumbe ile miwani..." Akaishia hapo hapo, na hata yeye hakucheka.

Bi Pasi hakumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe. Katika chumba kile ni mtu mmoja tu zaidi yake aliyejua kwamba anadanganya na kwamba anasema kweli kwa wakati mmoja. Mwalimu alikuwa bado amekishika kikaratasi. Midomo yake ilihangaika kidogo.

"Nilimwambia asiguse makopo yangu," akasema.

Hakuwahi kumwambia hivyo. Katika miaka arobaini hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Bi Pasi akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, aliniambia," akaenda jikoni kuweka maji ya chai ambayo hakuna aliyeyataka.

Kiherehere alimfuata huko. "Vile vya kale kabisa nitavitambua, Mama, maneno yao yanajionyesha. Lakini vilivyobaki, bila kujua kimoja kimoja kimetoka kitabu gani, siwezi kuvichapa. Wataniuliza. Na Mwalimu, nikimuuliza..."

"Usimuulize. Mgonjwa. Chukua makopo."

Akayachukua.

Kabla jua halijazama mtaa wote ulikuwa umeshajua. Jumatatu karani wa posta alileta mashati yake, akayahesabu mbele yake kwa sauti, moja, mbili, tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkunga hakuleta kabisa. Watoto wa jirani walimwandikia kitu mlangoni kwa chaki. Alikifuta bila kumuuliza mtu kilisema nini.

Mwalimu aligeukia ukuta. Hakuuliza makopo, hakuuliza kitabu, tai aliivua. Aliishi siku kumi na tisa. Bi Pasi alimlisha, alimgeuza, alimwogesha, na hakujua kama yule mtu aliyempa mgongo amemkasirikia yeye au anajionea haya. Alisubiri aambiwe. Yeye hakuuliza, ubishi wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba.

Siku ya kumi na saba, mchana, alikuwa anamfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Mbavu zilihesabika. Akasema, kwa kuzoea tu mzaha, "Wewe nawe umekwanguliwa mpaka umebaki herufi mbili."

Mwalimu, akiwa bado ameelekea ukutani, akasema, "Bi Pasi."

"Abee."

"Kitundu. Kinakaa juu, au chini?"

Kitambaa kikabaki mgongoni.

"Juu," akasema Bi Pasi. "Juu kushoto."

"Mh," akasema Mwalimu.

Akaendelea kumfuta. Maji yalipopoa akaenda kuyabadilisha, na huko jikoni alichukua muda.

Alipokufa, Bi Pasi alimtolea shati jeupe, akalinyoosha mara mbili. Kisha akaligeuza kola, akachukua sindano, akatia uzi mweupe. Mshono mmoja, ndani, juu kushoto. Nguo zake hazikuwahi kutiwa alama. Lakini sasa alikuwa anakwenda kulazwa na watu wengi.

Kiherehere alikuja kuzika. Watu walipotawanyika alimkuta Bi Pasi ameketi chumba cha mbele, kati ya nguo chache zilizobaki za wateja wachache waliobaki. Akakaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake.

"Mama, nimekuwa nikifikiria ile Jumamosi. Mwalimu alivyokishika kile kikaratasi. Nadhani macho yake..."

"Macho ya mume wangu yalikuwa mazima."

"Mama, mimi siwezi kumwambia mtu. Nataka tu kujua."

Bi Pasi akaikunja kanzu ya mtu, mkono juu ya mkono, akaibonyeza kwa kiganja mpaka ikatulia.

"Kama kuna siku utaandika chochote," akasema, "andika kwamba makopo yalichanganywa na dobi. Kaandike, kisha uje unisomee, nisikie kama umeandika hivyo."